Zana yenye jina la zebaki: walibadilisha stata, injini wakaiacha

Hapa Chunya neno zebaki halihitaji maelezo. Kuanzia Itumbi hadi Makongolosi, mchenjuaji anajua kuwa zebaki ndiyo inayoshika chembe za dhahabu kwenye mchanga uliosagwa, na anajua pia madhara yake, ambayo tumeyazungumza hewani mara nyingi. Katika kemia alama yake ni Hg. Herufi hizohizo mbili, hg, ndizo wanazoandika kwenye kompyuta watu wanaotumia zana iitwayo Mercurial, jina lenye asili katika neno la Kiingereza la zebaki. Ni zana ya watengenezaji wa programu. Haijawahi kufika kwenye kaunta ya wakala wa mbolea, wala haitafika.

Kwa nini basi tunaileta kwenye ukurasa huu? Kwa sababu yaliyoikuta zana hiyo yanatusaidia kuelewa maneno mawili ambayo kila msikilizaji wetu ameshaambiwa akiwa kwenye foleni: "mfumo unasumbua" na "mfumo mpya unakuja".

Tarehe 8 Agosti 2022, kwenye viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa mbolea ya ruzuku kwa msimu wa 2022/2023. Mkulima alitakiwa kusajiliwa, kupewa namba yake, kisha kwenda kwa wakala ambaye alihakiki namba hiyo kwenye mfumo ndipo amuuzie mfuko. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia au urea uliokuwa umepanda bei kupita uwezo wa wengi ukashuka hadi kama shilingi 70,000. Lilikuwa jambo kubwa Nyanda za Juu Kusini. Lakini msimu ule wa kwanza ulikuwa pia na foleni ndefu kwa mawakala, na lawama karibu zote zilitupwa kwenye kitu kimoja: mtandao.

Neno "mtandao" tumeligeuza gunia la kutupia kila kitu. Simu isiposhika mnara tunasema mtandao. Kompyuta kubwa ya mbali, yaani seva, ikizidiwa na maombi, ni mtandao. Programu yenyewe ikikawia kuamka kila inapoguswa, napo tunasema mtandao. Hayo ni magonjwa matatu tofauti na dawa zake ni tofauti. Mnara hautibu programu nzito. Hatusemi kwamba foleni za mwaka ule zilisababishwa na lipi kati ya hayo. Tunachotaka leo ni kulieleza hili la tatu, la programu inayokawia kuamka, kwa sababu ndilo linalozungumzwa kidogo kuliko yote.

Daftari lisilofutwa

Kwanza, Mercurial inafanya nini? Fikiria chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku chenye daftari la mizani. Karani anaandika: robota la fulani, kilo kadhaa, daraja fulani. Kesho mtu anagundua kosa. Karani mwaminifu hafuti; anachora mstari juu ya kosa, anaandika sahihi pembeni, anaweka tarehe na saini. Mwaka mmoja baadaye mkaguzi anaweza kurudi nyuma na kuona nani alibadilisha nini na lini.

Watengenezaji wa programu wana daftari la namna hiyo kwa ajili ya maandishi ya programu. Wanaliita mfumo wa kudhibiti matoleo. Watu 500 katika nchi 20 wanaweza kufanya kazi kwenye programu moja, kila mmoja akiwa na nakala yake ya daftari zima, kisha nakala hizo zikaunganishwa bila mmoja kufuta kazi ya mwenzake. Programu ikiharibika leo, wanarudi kwenye toleo la juzi.

Mercurial ilizaliwa Aprili 2005, na ilizaliwa kwa hasira. Watu wanaotengeneza Linux, programu ya msingi ambayo simu zote za Android zimejengwa juu yake, walikuwa wakitumia daftari la kampuni moja binafsi, lililoitwa BitKeeper, bila malipo. Mwezi huo kampuni ikaondoa ruhusa ya kulitumia bure. Ndani ya wiki chache yakatokea madaftari mawili mapya ya kuchukua nafasi yake. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alitengeneza Git. Olivia Mackall akatengeneza Mercurial. Linux ilikwenda na Git. Mercurial ikapata wateja wengine wakubwa: Mozilla, wanaotengeneza kivinjari cha Firefox, walihamia huko mwaka 2007, na Januari 2014 Facebook walitangaza kwamba ndilo daftari walilochagua kwa programu zao.

Tofauti moja kati ya madaftari hayo mawili ndiyo inayotuhusu leo. Git iliandikwa kwa sehemu kubwa kwa lugha ya C. Mercurial iliandikwa kwa sehemu kubwa kwa lugha ya Python.

Mkalimani na kitabu

Lugha ya kompyuta ni maandishi ambayo binadamu anayaelewa. Kompyuta yenyewe haielewi Python wala C. Inaelewa maagizo ya namba tu. Lazima pawepo tafsiri. Swali ni lini tafsiri inafanyika.

Bwana shamba akija kwenye kijiji ambacho wazee wengi wanazungumza Kisukuma, ana njia mbili. Anaweza kuja na mkalimani: anasema sentensi, mkalimani anaigeuza, wanasikiliza, anasema nyingine. Au anaweza kupeleka maelezo yake yatafsiriwe mapema, yachapwe, kisha yagawiwe. Njia ya mkalimani ni nyepesi kuanza nayo, na bwana shamba akitaka kubadilisha neno analibadilisha palepale. Lakini kila mkutano unamhitaji mkalimani awepo, na mkutano hauanzi mpaka afike. Njia ya kitabu ina kazi kubwa mwanzoni, na ukitaka kurekebisha mstari mmoja unarudi kwa mchapaji. Faida yake ni kwamba siku ya siku msomaji anafungua na kusoma, bila kumsubiri mtu.

Python ni ya mkalimani. C ni ya kitabu, na vivyo hivyo lugha changa zaidi iitwayo Rust, ambayo toleo lake kamili la kwanza lilitoka Mei 2015. (Wataalamu watatusamehe, kuna mambo ya katikati hapo, lakini kwa mada ya leo mfano huu unatosha.)

Msikilizaji mwenye simu ya zamani ya Android amewahi kuiona tafsiri hii kwa macho, bila kuambiwa ndiyo hiyo. Hadi toleo la 4, Android ilitafsiri programu wakati unaitumia. Toleo la 5, lililotoka 2014, likabadilisha mtindo: programu inatafsiriwa mapema, wakati wa kuiweka kwenye simu. Ndiyo maana ukiisasisha simu ya wakati ule ilikaa ikihesabu, programu ya 1 kati ya 80, ya 2 kati ya 80, mpaka unachoka. Ilikuwa kwa mchapaji. Baada ya hapo programu zilifunguka haraka zaidi, ila zilikula nafasi kubwa zaidi. Google wenyewe walirudi nyuma kidogo kwenye toleo la 7 na kuchanganya njia zote mbili. Tukumbuke hilo la kuchanganya, tutalirudia.

Karasha linalowashwa kwa kila ndoo

Sasa turudi kwenye hg. Mtumiaji anaandika amri fupi kwenye dirisha jeusi la kompyuta, mathalani hg status, yaani "nionyeshe nilichobadilisha". Kompyuta inamwamsha mkalimani wa Python. Mkalimani anatafuta vitabu vyake kwenye rafu, faili moja baada ya lingine, anavifungua, anajipanga. Ndipo anafanya kazi uliyomwomba, anatoa jibu, kisha anakwenda kulala. Ukiandika amri nyingine baada ya dakika moja, anaanza upya kabisa.

Mwenye karasha anaelewa hili kuliko profesa. Kuwasha injini ya dizeli kunachukua muda na jasho. Ukishaiwasha, ukimimina viroba 40 vya mawe, gharama ya kuwasha haionekani. Lakini mteja akileta ndoo moja, ukawasha, ukasaga, ukazima, kisha akaja mwingine na ndoo moja, ukawasha tena, jioni utajikuta umetumia muda mwingi kwenye kuwasha kuliko kwenye kusaga.

Muda tunaouzungumzia kwenye hg ni sehemu ndogo ya sekunde. Mtu anayeandika amri moja hawezi kulalamika. Shida ni kwamba zana kama hii haiitwi na binadamu peke yake. Inaitwa na programu nyingine, usiku na mchana. Majaribio ya Mercurial yenyewe, yale yanayofanywa kuhakikisha hakuna kilichoharibika, yanaiita hg maelfu kwa maelfu ya mara. Tufanye hesabu ya mfano: amri moja ikichukua sehemu moja ya kumi ya sekunde kuamka, ukiiita mara 10,000 ni sekunde 1,000. Hizo ni kama dakika 17 za kuamka tu, kazi bado. Git, isiyo na mkalimani wa kuamsha kwa amri zake nyingi, haikuwa na mzigo huo.

Na hali ilikuwa inaelekea kuwa mbaya zaidi. Python ya toleo la 2 ilitangazwa kufikia mwisho wa matunzo tarehe 1 Januari 2020, kila mtu akatakiwa kuhamia toleo la 3. Toleo la 3 lilikuwa na uzuri wake mwingi, lakini lilichukua muda mrefu zaidi kuamka kuliko la 2.7.

Walijaribu nini? Kwanza walimfundisha mkalimani asifungue kitabu mpaka kihitajike. Ukiuliza swali la mizani, kitabu cha mbegu kinabaki kwenye rafu. Ilisaidia sana, ila mkalimani mwenyewe bado alipaswa kuamka.

Jaribio lililofuata lilikuwa la kijanja. Yuya Nishihara, mmoja wa wachangiaji wa muda mrefu wa mradi huo, alitengeneza programu ndogo kwa lugha ya C iitwayo chg, ambayo mwaka 2016 ilikuwa tayari inasambazwa pamoja na Mercurial. Kazi yake ni kuacha karasha linanguruma. Mkalimani anaamshwa mara moja na kukaa macho nyuma ya pazia. Kila amri mpya inapofika, chg inampelekea. Haraka kweli. Lakini injini inayonguruma inakunywa mafuta hata kama hakuna mawe, na kwenye kompyuta mafuta hayo ni kumbukumbu. Tena mtu akibadilisha mipangilio wakati mkalimani yuko macho, lazima awepo wa kumshtua kwamba mambo yamebadilika. Na chg haikufanya kazi kwenye Windows, ambayo ndiyo kompyuta ya watu wengi.

Ndipo tunafika kwenye stata. Januari 2018, Gregory Szorc, mhandisi aliyekuwa Mozilla, aliingiza kwenye Mercurial kiwashio kipya kilichoandikwa kwa Rust. Badala ya hg kuwa karatasi ndogo ya Python inayosema "mwamsheni mkalimani", ikawa programu kamili iliyotafsiriwa mapema, ambayo yenyewe inambeba mkalimani tumboni. Mtumiaji anaandika hg kama zamani. Haoni tofauti.

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, na sisi tulipoisoma habari hii kwa mara ya kwanza tulisimama hapahapa kwa muda. Kubadilisha stata peke yake hakuifanyi injini iwe nyepesi. Kama nyuma ya mlango mpya bado unamwamsha mzee yuleyule, mzee ataamka kwa mwendo wake uleule. Faida ya mwaka 2018 haikuwa kasi ya siku ileile. Faida ilikuwa kwamba sasa anayepokea wageni mlangoni ni mtu mwingine, na mtu huyo anaweza kuamua: hili swali nalijibu mwenyewe, hili namwamshia mzee.

Uamuzi huo ulichukua sura mwaka 2020, wakati kampuni ndogo ya Ufaransa iitwayo Octobus ilipoanza kujenga rhg, programu ya Rust isiyombeba mkalimani kabisa. Mwanzoni ilijua amri chache tu: ya kuonyesha folda kuu iko wapi, ya kuorodhesha faili, ya kuonyesha yaliyomo kwenye faili la toleo fulani. Baadaye ikajifunza kuonyesha mabadiliko, ile status tuliyoitaja. Ikikutana na amri isiyoijua, haijifanyi inaijua. Inaikabidhi kwa hg ya Python na kukaa pembeni. Mteja wa ndoo moja anasagiwa kwenye kinu cha mkono mlangoni, mwenye viroba 40 anapelekwa kwenye karasha.

Walijuaje kwamba kinu kipya hakipunji? Mercurial ina majaribio yaliyoandikwa kama orodha ya amri na majibu yake sahihi, herufi kwa herufi. Majaribio yaleyale yaliyoipima hg ya zamani yaliendeshwa juu ya rhg. Ni sawa na kuleta mizani mpya sokoni: unachukua robota lilelile, unalipima kwenye mizani ya zamani, unalihamishia kwenye mpya, na kilo zikitofautiana hakuna mnada.

Bei yake

Tungeishia hapo hadithi ingekuwa tamu mno. Kuna gharama mbili, na ya pili inatugusa zaidi huku mikoani.

Ya kwanza ni kwamba sasa kuna nyumba mbili za kutunza. Kila sheria iliyoko kwenye Python na kwenye Rust lazima ibadilishwe kote. Fundi akisahau upande mmoja, mteja wa ndoo na mteja wa viroba watapata majibu tofauti kwa swali moja.

Ya pili ni kuhusu nani anaweza kurekebisha. Facebook walipoichagua Mercurial mwaka 2014, walieleza sababu zao hadharani, na mojawapo ilikuwa hiyohiyo Python: maandishi yake yalikuwa safi na yaliyogawanyika vizuri, wahandisi wao wakaweza kuingia ndani na kuyaongezea. Kitu kilichoifanya ichelewe kuamka ndicho kilichofanya watu waweze kuigusa. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya mwenye kompyuta ya mitumba na bando la wiki anaweza kufungua faili la Python, kubadilisha mstari, na kuona matokeo papo hapo. Kwa Rust anahitaji kupakua vifaa vizito, na kila akibadilisha mstari anasubiri mchapaji. Rust ina zawadi yake: inakataa mapema, kabla programu haijawashwa, aina nzima ya makosa ya kumbukumbu ambayo kwenye C yamewahi kufungulia wezi milango. Lakini mlango wa kasi kwa mtumiaji ulikuwa pia kizingiti kirefu zaidi kwa fundi anayejifunza. Kwa maoni yetu gharama hii huwa haipewi uzito, kwa kuwa wanaofanya uamuzi ni watu wenye kompyuta zenye nguvu.

Na kasi haikuiokoa Mercurial sokoni. Bitbucket, ghala kubwa la mtandaoni lililoanza kwa ajili yake, liliacha kuipokea mwaka 2020. Novemba 2023 Mozilla walitangaza kwamba Firefox itahamia Git, na Mei 2025 wakahama. Haya ni mambo ya ajabu kidogo: Rust ililelewa Mozilla kwa miaka mingi, ikaenda kuisaidia Mercurial ikimbie, na Mozilla wenyewe wakaondoka. Waliohama hawakuhama kwa sababu ya sekunde. Walihama kwa sababu kutunza madaftari mawili ni mzigo. Mercurial bado ipo, bado inatunzwa, rhg ikiwa ndani yake.

Git nayo isichukuliwe kuwa ilizaliwa imekamilika. Amri zake kadhaa zilikuwa hati ndogo za mkalimani, na kwenye Windows zilikuwa za polepole kupindukia. Zimekuwa zikihamishiwa kwenye C moja baada ya nyingine kwa miaka mingi. Amri ya rebase, inayopanga upya historia ya daftari, ilihamishwa mwaka 2018, na sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na wanafunzi waliokuwa kwenye programu ya mafunzo ya majira ya joto inayofadhiliwa na Google. Kipande kwa kipande, miaka zaidi ya kumi, daftari likiendelea kutumika kila siku.

Sasa tuje kwenye mifumo yetu

Tanzania ina uzoefu wa njia nyingine, ya kuhamia nyumba mpya moja kwa moja. Mwaka 2023 mfumo wa manunuzi ya umma wa TANePS uliwekwa pembeni na nafasi yake ikachukuliwa na NeST, uliojengwa na wataalamu wa ndani. Wazabuni walilazimika kujisajili upya, wakiwemo wadogo kabisa wanaotafuta kazi ya kujenga darasa moja kijijini. Kuna wakati njia hiyo ndiyo sahihi. Mfumo ambao haupo mikononi mwako huwezi kuubadilisha stata. Unabaki kumwomba mwenye gari. Serikali ilitaka gari liwe lake, na hoja hiyo tunaielewa.

Lakini si kila mfumo unaosumbua unahitaji kubomolewa. Vyama vya ushirika vinaingizwa kwenye mfumo wao wa usimamizi, MUVU. Ruzuku ya mbolea ina mfumo wake. Mnunuzi wa tumbaku, karani wa AMCOS, mwalimu mkuu, mtendaji wa kijiji, wote sasa wana skrini ya kusubiri. Kila msimu tunasikia kwamba mfumo umeboreshwa, na mara chache sana tunaambiwa kilichoboreshwa ni kipande gani: kompyuta kubwa imeongezewa nguvu, au programu ya simu ya wakala imefanywa nyepesi, au ni rangi ya kitufe tu. Mkulima aliyetembea kutoka Kambikatoto na kulala mjini kwa sababu ya skrini ana haki ya kujua hilo, maana nauli na lodi zimetoka mfukoni mwake.

Katika hadithi yote ya hg kuna kitu kimoja kidogo ambacho tungependa watu wa mifumo yetu wakitazame kwa makini kuliko hata suala la Rust. Kwenye mipangilio ya rhg kuna mahali pa kuchagua itakachofanya ikikutana na jambo isiloliweza. Chaguo ziko tatu. Inaweza kusimama na kusema wazi imeshindwa nini. Inaweza kusimama kimya. Au inaweza kukabidhi kazi kwa njia ya zamani, na mtumiaji akapata jibu lake, kwa mwendo wa polepole.

Waliounda rhg walijua tangu mwanzo kwamba kitu kipya kitakutana na yasiyofahamika, wakayaandalia njia kabla ya kukipeleka kwa watu. Kwenye kaunta zetu chaguo linaloonekana zaidi ni lile la katikati. Kiduara kinazunguka, wakala anatikisa simu, hakuna maandishi yanayosema kama ni mnara, ni seva, au ni namba ya mkulima iliyokosewa tarakimu moja wakati wa usajili. Wakala hana la kumwambia mtu zaidi ya "rudi kesho, baba". Na kwa mkulima, mvua za kwanza zikishapiga, kesho ni siku ya kupanda.

Njia ya zamani ya kukabidhiwa inawezekana? Hapa tunajadili wazo, hatutoi maelekezo. Wakala angeweza kuandika namba ya mkulima, idadi ya mifuko na saini kwenye fomu yenye namba za mfululizo, kisha akaziingiza mfumo ukirudi. Wapo watakaosema hapo ndipo wizi ulipokuwa ukiingilia, na wana hoja: vocha za karatasi za miaka ya nyuma ziliacha makovu, na usajili wa kielektroniki ulikuja kuziba tundu hilo. Basi labda njia ya akiba iwe na kikomo, mfuko mmoja au miwili kwa mkulima mpaka mfumo uamke. Au programu ya wakala ibebe orodha ya wakulima wa kata yake ndani ya simu, ihakiki bila kutafuta mnara, na kutuma taarifa baadaye. Kinu cha mkono mlangoni, karasha nyuma.

Hata kabla ya hapo kuna lililo rahisi zaidi, nalo ni chaguo la kwanza: mfumo useme umeshindwa nini. Sentensi moja ya Kiswahili kwenye skrini ya wakala. Ikisema seva imezidiwa, mkulima anaweza kusubiri saa mbili chini ya mwembe. Ikisema namba haipo, anajua aende kwa mtendaji wake leo hii na si kulala mjini.

Dirisha la usajili na uhuishaji wa taarifa za wakulima likifunguliwa, tutawaalika wanaohusika na mfumo wa mbolea kwenye kipindi cha asubuhi. Swali tutakaloanza nalo ni hilo la chaguo tatu. Msikilizaji ambaye msimu uliopita aliambiwa "mtandao" na anakumbuka skrini ilionyesha nini hasa, atutumie ujumbe mfupi akitaja kijiji chake na mwezi, na asiweke namba yake ya usajili.